Nukushi kutoka kompyuta ya nyumbani: pa kuanzia inapogoma

Mwalimu mstaafu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, hapa Ipagala, alikuja jioni moja na bahasha ya kaki. Mwanawe aliwahi kulazwa hospitali moja huko Marekani, na daktari anayemtibu sasa alitaka majibu ya vipimo vya wakati ule. Hospitali ikamtumia fomu ya kuridhia, kurasa tatu ukihesabu na ya kitambulisho cha mwalimu, ikampa njia mbili tu za kuirudisha: posta au nukushi. "Mwanangu," aliniuliza, "hiyo faksi bado ipo?"

Ipo. Sisi tunaiona kama jina lililobaki kwenye vichwa vya barua, chini ya neno Simu, lakini hospitali za Marekani bado zinaitumia kila siku, na huko Japani mwaka 2021 waziri aliyetaka kuiondoa kwenye wizara alipingwa na watumishi wa serikali wenyewe. Nilikuwa na modemu ya USB, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, kabatini na laini ya mezani ukutani, kwa hiyo nikamwambia mwalimu aache bahasha, kesho asubuhi itakuwa imefika.

Ilifika siku ya nne. Katika siku tatu za katikati nilibadilisha programu, nikafuta draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitumia modemu) na kuirudisha, na usiku wa pili nikapandisha Windows upya. Hitilafu ilikuwa juu ya dari: panya alikuwa ametafuna waya wa simu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia ukutani na kuja kwenye kompyuta, wala si kinyume chake.

Kabla hujachomeka chochote

Piga simu, uliza. Uliza kama wanapokea barua pepe. Nusu ya safari za nukushi huishia hapo, na hazikuwa na sababu ya kuanza. Wakisema ni nukushi tu, waulize namba ni ipi leo, si ile iliyoandikwa kwenye karatasi, na kama mashine huwa inawaka saa zote.

Kwetu Dodoma kuna mtego wa ziada. Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, mafaili na watu walipanda magari, lakini namba ya simu ya mezani haihamishiki kama kabati. Namba inayoanza na 022 ni ya Dar es Salaam. Ya Dodoma inaanza na 026, tunayotumia pamoja na Singida, Iringa na Tabora. Ukikuta barua ya zamani imeandikwa "Nukushi: 022", na ofisi yenyewe siku hizi iko Mtumba, karatasi yako inaweza kwenda salama kabisa, ikatoka kwenye mashine iliyobaki kwenye chumba kisicho na mtu. Kompyuta yako itakuambia imefika. Haitakuwa imekudanganya.

Laini gani inabeba nukushi

Nukushi ni sauti. Modemu inageuza ukurasa kuwa milio, milio inapita kwenye laini ya simu kama maongezi, na mashine ya upande wa pili inaigeuza kuwa ukurasa tena. Ukishika hilo, karibu kila hitilafu inajieleza: kitu fulani njiani kimeharibu sauti.

Laini ya shaba inayotoka nguzoni hadi kwenye soketi yako ndiyo inayofaa. Simu ya mezani yenye kadi ya simu ndani na kiantena mgongoni haifai, hata kama inafanana na simu ya mezani kwa kila kitu. Simu ya mkononi nayo haifai. Mitandao ya simu za mkononi hukamua sauti ili ibane kwenye nafasi ndogo, na ukamuaji huo umetengenezwa kwa ajili ya koo la binadamu. Mtu akiongea humsikii tofauti kubwa. Milio ya modemu inatoka imepondeka. Nimeona watu wakiunganisha simu na kompyuta kwa bluetuthi wakitegemea nukushi iende. Haitakwenda.

Laini ya faiba iko katikati. Kisanduku cha faiba kikiwa na tundu la simu, sauti yako inakatwa vipande na kusafirishwa kama data. Inaweza kukubali au isikubali, kutegemea mtoa huduma amepangaje. Mwulize maswali mawili: je, tundu la simu linatumia kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, na je, wanayo T.38? G.711 haibani sauti, kwa hiyo milio inapita mizima. G.729 inabana sauti hadi kilobiti 8 kwa sekunde na inaua nukushi. T.38 ni utaratibu uliotungwa mahsusi kupitisha nukushi kwenye intaneti. Kijana wa huduma kwa wateja asipojua majibu, mwombe akuunganishe na fundi, usikate simu.

Hatua ya kwanza: sikiliza laini

Tafuta simu ya mezani ya kawaida kabisa, ile ya waya isiyohitaji umeme wa ukutani. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi, bila modemu, bila waya wa kurefushia. Inua mkono wa simu, sikiliza.

Unatakiwa usikie mlio wa laini, mmoja, mtulivu. Bonyeza tarakimu moja yoyote mlio ukatike, kisha sikiliza ukimya unaobaki, kwa sababu hapo ndipo uchafu unapoonekana. Mkwaruzo kama wa mafuta yanayokaanga maana yake kuna kiungo kilicholegea au chenye kutu. Mvumo mzito usiokatika mara nyingi ni waya uliogusa kitu, au waya wa simu uliopita ubavuni mwa waya wa umeme kwa mita nyingi. Sauti ya mtu mwingine kwa mbali ni nyaya mbili zinazogusana huko nguzoni, na hiyo si kazi yako, ni ya fundi wa kampuni ya simu.

Sasa chomoa simu, nenda kwenye soketi unayoitumia kwa kompyuta, rudia. Mimi ningefanya hivi siku ya kwanza ningeokoa usiku mbili. Soketi ya sebuleni ilikuwa safi; ya chumbani, iliyopitishiwa waya juu ya dari, ilikuwa inakwaruza. Nilipanda na tochi nikakuta ganda limetafunwa kama urefu wa kidole, shaba zimebaki zinaelekeana, na kila upepo ukipiga bati zinagusana. Na Dodoma upepo haubipu, unapiga.

Msimu nao una neno. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua zetu, ingawa si nyingi, huja na radi, na maji huingia kwenye viunganishi ambavyo miezi yote ya kiangazi vilikuwa vinakusanya vumbi. Laini inayokwaruza asubuhi baada ya mvua na kunyamaza saa nane mchana, jua likishaikausha, ina maji mahali. Radi ikianza kunguruma, chomoa modemu kwenye soketi ya simu, si kwenye umeme tu. Waya wa simu unaleta radi ndani kama waya wa umeme.

Kama intaneti yako inapita kwenye laini hiyohiyo ya shaba, lazima pawe na kichujio kidogo kati ya soketi na modemu ya nukushi. Bila kichujio, fujo za intaneti zinaingia kwenye milio. Vichujio hufa bila kutoa taarifa. Kama una cha pili, badilisha ujaribu.

Simu nyingine zote ndani ya nyumba zinazoshiriki laini hiyo zichomoe wakati wa kutuma. Mtoto akiinua mkono wa simu ya sebuleni ukurasa unakufa hapohapo.

Hatua ya pili: modemu

Laptopu za siku hizi hazina modemu ya simu. Tundu lile pana pembeni ni la mtandao, na plagi ndogo ya simu inaingia mle kwa kulegea, ndiyo maana watu hudanganyika. Usifanye hivyo. Laini ya shaba ina takriban volti 48 ikiwa imetulia, na simu ikiita inapanda kufikia 90 hivi. Tundu la mtandao halikutengenezwa kwa ajili ya hayo.

Unahitaji modemu ya nje ya USB, na kwenye maelezo yake paandikwe kuwa inabeba nukushi. Nyingi zina matundu mawili. Lililoandikwa LINE linakwenda ukutani. Lililoandikwa PHONE ni la kuchomeka simu nyuma yake. Ukiyageuza, mara nyingine simu itafanya kazi na nukushi isiende, na utahangaika bure.

Chomeka, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika telephon.cpl, ukubali. Mara ya kwanza itakuuliza nchi na msimbo wa eneo: chagua Tanzania, andika 26. Kisha nenda kichupo cha "Modems". Modemu yako isipoonekana hapo, kwa kompyuta haipo: rudi kwenye draiva au jaribu tundu jingine la USB, na usipitishe kwenye kigawio cha USB cha bei ya soko la Sabasaba. Ikionekana, fungua "Properties", kichupo cha "Diagnostics", bonyeza "Query Modem". Modemu nzima itajibu kwa mistari kadhaa. Kompyuta ikisema modemu haijibu, huenda programu nyingine imeikalia, kwa hiyo funga kila kitu kinachogusa simu au uanzishe mashine upya.

Mtu anayependa kuona kwa macho yake anaweza kufungua programu ya kuongea na porti, yaani mlango ambao kompyuta inawasilianía na kifaa, kama PuTTY, akachagua namba ya COM ya modemu, akaandika AT. Jibu ni OK. Kisha AT+FCLASS=? na modemu itataja aina za nukushi inazozijua, mfano 0,1 au 0,1,2. Ikikujibu 0 peke yake, umeuziwa modemu ya data tu, na hakuna mpangilio utakaoigeuza. Funga PuTTY kabla ya kuendelea, la sivyo itabaki imeikalia porti.

Jambo dogo linalosahaulika: kompyuta ikipunguza matumizi ya betri huzima tundu la USB katikati ya kazi. Fungua "Device Manager", kwenye sifa za vitovu vya USB ("USB Root Hub"), kichupo cha "Power Management", ondoa alama inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho.

Hatua ya tatu: programu

Ndani ya Windows imo programu inaitwa Windows Fax and Scan, iko tangu enzi za Vista. Kwenye Windows 10 na 11 wakati mwingine haijawekwa. Tafuta "Optional features" kwenye mipangilio na uiongeze. Kuifungua haraka, bonyeza Windows na R, andika wfs.

Menyu ya "Tools", kisha "Fax Accounts", "Add", chagua kuunganisha modemu, ipe jina. Inapokuuliza kuhusu kupokea, chagua kuulizwa, maana hutaki kompyuta idake kila simu ya mama mkwe na kumpigia miluzi sikioni. Ikilalamika kwamba huduma haijaanza, andika services.msc na uangalie tatu: "Fax", "Telephony" na "Print Spooler". Huduma ya nukushi inazitegemea hizo mbili nyingine. Watu waliozima ile ya kuchapisha kwa sababu hawana printa ndio hukwama hapa.

Sasa viambatisho. Ukiambatisha faili la PDF moja kwa moja, programu itajaribu kulifungua kwa programu yako ya kusomea na kulichapisha kimyakimya, na mara nyingi hushindwa, ikisema kiambatisho hakichapishiki. Njia isiyonisumbua ni kufungua faili lenyewe, kuagiza kuchapisha, na kwenye orodha ya printa kuchagua ile inayoitwa "Fax". Dirisha la nukushi litafunguka likiwa na kurasa tayari.

Kama una printa ya kazi nyingi yenye nukushi ndani yake, ruka sehemu kubwa ya haya. Chomeka laini kwenye printa, weka draiva ya nukushi ya printa hiyo, kompyuta itume kupitia kwake. Tofauti ni kwamba umeme wa TANESCO ukikatika, printa inakufa katikati ya ukurasa, wakati laptopu na modemu yake ya USB vinaendelea kwa betri, na laini ya shaba inapata nguvu yake kutoka kituo cha simu.

Hatua ya nne: namba

Andika namba kama ambavyo ungeipiga kwa kidole kwenye simu ileile, na ondoa kanuni za upigaji za Windows zisiguse kitu. Kanuni hizo zina nia njema lakini huongeza na kupunguza sufuri kwa siri.

Kutoka Tanzania kwenda ng'ambo unaanza na 000, kisha msimbo wa nchi, kisha namba. Marekani ni 0001 na tarakimu kumi. Japani ni 00081, na ile sufuri ya mwanzo wa namba yao unaiacha. Alama ya kujumlisha uliyozoea kwenye simu ya mkononi, modemu haiielewi. Kabla ya yote hakikisha laini yako imefunguliwa kupiga nje ya nchi na ina salio: piga namba hiyohiyo kwa simu ya kawaida. Ukisikia mluzi mrefu, njia iko wazi. Ukisikia dada wa kwenye mashine akikueleza jambo, msikilize. Anakupa jibu bure.

Namba yenye tawi ("extension") huandikwa na mikato. Kila mkato ni pumziko la sekunde mbili, kwa kawaida. Mikato mitatu kisha namba ya tawi humpa mpokezi wa mashine muda wa kumaliza salamu zake.

Hatua ya tano: piga, na usikilize

Hapa ndipo pa kukaa. Modemu nyingi zina spika. Kwenye sifa za modemu, kichupo cha "Modem", ongeza sauti yake. Nyingine ndogo hazina, na hapo utategemea maandishi ya programu tu. Kama una spika, sikiliza mara tatu nne mpaka uujue mwendo.

Kwanza mlio wa laini, kisha tarakimu zinapigwa. Simu inaita upande wa pili. Huku modemu yako inatoa kibipu cha nusu sekunde kila baada ya sekunde tatu hivi, maana yake "mimi ni nukushi". Mashine ya kule inapokea kwa mluzi mmoja mrefu. Kisha unakuja mgugumo, kama mtu anayesukutua: hapo mashine zinajulishana, wewe unaweza nini, mimi naweza nini. Ni mazungumzo ya polepole, biti 300 kwa sekunde, ili yasikike hata kwenye laini mbovu. Halafu mvumo mkali wa sekunde moja na nusu: modemu yako inajaribu kasi, kama fundi kipaza sauti anayesema "moja, mbili". Mgugumo mfupi unajibu kuwa imesikika. Kisha mvumo mrefu, nusu dakika au zaidi. Huo ndio ukurasa wako unapita. Mwisho mgugumo tena: umepokelewa.

Ukijua wimbo huo, unajua ulipokatika.

Hakuna hata mlio wa laini, na programu inasema "no dial tone": rudi hatua ya kwanza. Lakini kama simu ya kawaida inausikia mlio na modemu haiusikii, modemu imetengenezwa ikitarajia mlio wa nchi nyingine. Kwenye sifa zake ondoa alama ya kusubiri mlio wa laini, au kwenye kichupo cha "Advanced" ongeza amri X3. Itapiga bila kusubiri.

Simu inaita, mtu anasema "haloo": ile ni namba ya maongezi. Zima upesi, na usiiache programu irudie, kwa maana nayo haina aibu, itampigia tena baada ya dakika kumi na tena baada ya hapo.

Inaita mpaka inakata: mashine ya kule imezimwa au haina karatasi. Angalia saa. Saa kumi jioni kwetu, New York ni saa tatu asubuhi kiangazi chao, saa mbili majira ya baridi.

Mluzi mrefu unasikika, kisha modemu yako inakata simu: haikusubiri vya kutosha. Simu za mbali hutumia muda mrefu kuunganishwa, na muda huo unahesabiwa. Palepale kwenye "Advanced" ongeza amri S7=90, isubiri sekunde 90. Hii ilikuwa hitilafu yangu ya pili, iliyojificha nyuma ya panya.

Mvumo wa majaribio unarudiwa mara nne, tano: laini haibebi kasi inayoombwa. Mashine za kawaida huanzia biti 14,400 kwa sekunde, zikishindwa zinashuka mpaka 9,600, 4,800, hata 2,400. Nyingine hukata tamaa kabla ya kufika chini. Zisaidie kwa kuanzia chini. Kwenye printa nyingi za kazi nyingi kuna mpangilio wa kasi ya nukushi wenye ngazi tatu; chagua ya polepole. Programu ya Windows haikupi kitufe hicho, na ndiyo sababu kubwa inayonifanya nipendelee printa kwa simu za nje. Hapo pia utakuta urekebishaji makosa, ECM. Kwenye laini ya shaba iache iwake: kipande kikiharibika kinatumwa tena. Kwenye faiba jaribu kuizima, kwa sababu data inapopotea kidogo kidogo, mashine zinaombana marudio mpaka muda unaisha; bila ECM utapata mistari michache iliyokatika lakini ukurasa utafika.

Ukurasa unaanza vizuri kisha unakatika ghafla: fikiria huduma ya simu ya kusubiri. Kile kibipu kinachokuambia kuna mwingine anapiga kinapasua ukurasa katikati. Waombe kampuni yako ya simu waizime.

Ukurasa wa kwanza unafika, wa pili haufiki: huo wa pili una picha. Soma chini.

Karatasi yenyewe

Nukushi ya kawaida inajua nyeusi na nyeupe tu. Kijivu inakiigiza kwa vidoti, na vidoti ni data nyingi, na data nyingi ni dakika nyingi kwenye laini unayoilipia. Ukurasa wa maandishi uliopita kwa nusu dakika, ukiwa na picha unaweza kuchukua dakika tano, na kadiri simu inavyorefuka ndivyo nafasi ya kukatika inavyoongezeka. Skani kwa nyeusi na nyeupe, si kijivu wala rangi. Ukipiga picha kwa simu, tumia programu ya kuskani inayoondoa kivuli cha mkono wako.

Pasipoti saizi yenye mandhari ya bluu inatoka kama dirisha lililopigwa rangi nyeusi, na mtu hayumo. Muhuri wa zambarau uliofifia hautoki kabisa. Mhuri ukiwa na umuhimu, mwombe mwenye ofisi agonge upya kwa wino mzito mweusi. Sahihi isiwe ya penseli. Herufi zisipungue ukubwa wa 12, na kwenye programu chagua ubora wa "Fine", unaoongeza maradufu mistari ya ukurasa. Ule wa kawaida hugeuza 8 kuwa 3 na kukuletea ugomvi.

Wamarekani wanatumia karatasi fupi kuliko A4 yetu, milimita 279 dhidi ya 297. Acha nafasi tupu ya vidole viwili chini, sahihi isije ikaangukia ukurasa wa peke yake.

Weka ukurasa wa utangulizi wenye jina la mpokeaji, idara, idadi ya kurasa zote na namba yako yenye +255. Usiandike ugonjwa wa mtu kwenye ukurasa huo. Mashine ya kule inaweza kuwa kwenye korido.

Ukiwa huna laini ya shaba

Zipo huduma za mtandaoni: unapakia PDF, unaandika namba, wao wanapiga kwa niaba yako. Kwa nukushi moja kwa mwaka, sioni sababu ya kununua modemu. Namba andika kimataifa, +1 kwa Marekani, si 000. Ikirudi imeshindikana, soma sababu: "busy" na "no answer" ni za kule, "invalid number" ni yako, kosa la kubadilisha faili mara nyingi ni PDF iliyofungwa kwa nywila au kurasa za ukubwa usio wa kawaida. Ichapishe upya kuwa PDF ya A4 na ujaribu.

Kumbuka tu kwamba nyaraka zako zinapita mikononi mwa kampuni nyingine. Soma wanazihifadhi kwa muda gani, na baada ya kupata uthibitisho zifute. Huduma za bure nyingi hubandika tangazo kwenye ukurasa wa kwanza; fomu ya hospitali yenye tangazo juu ya jina la mgonjwa haipendezi.

Ripoti

Kurasa zikishapita, programu inazihamishia kwenye "Sent Items" ikiwa na saa na idadi. Hifadhi hiyo. Ikisema imefika sehemu tu, angalia ni kurasa ngapi, tuma zilizobaki pamoja na utangulizi mpya unaosema ni mwendelezo, usirudie zote. Kisha piga simu na uulize kama zinasomeka.

Mwalimu alipiga siku ileile ya nne, kwa kutumia simu yangu, na Kiingereza chake cha darasani kilichonyooka. Alisikiliza, akashukuru, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Wanasema zote tatu zimefika. Ila kitambulisho changu," akanong'ona, "wanauliza ni picha ya nini."

Nilikuwa nimekiskani kwa rangi.